Watu Huuliza kwa Nini, Sheria Hutoa Karatasi

Kazi yangu ni kujibu barua. Cheo chenyewe kina maneno mengi, mshauri mwandamizi wa barua za serikali na maombi ya taarifa, lakini nikikaa uwanja wa Mkunguni hapa Lamu jioni na mtu akataka kujua nashughulika na nini, namwambia najibu barua. Hunitazama akingoja niendelee, kana kwamba hiyo haiwezi kuwa kazi ya kutwa. Ofisi yangu sitaitaja. Mengi ya nitakayosema nimeyaona kwangu na nimeyasikia kwa wenzangu wa ofisi nyingine za umma, na si haki mtu mmoja abebeshwe ya wote.

Mezani huja aina mbili za karatasi. Kuna barua za kawaida: malalamiko, mialiko, maombi ya kazi, shukrani (chache), na zile za waheshimiwa wanaouliza kwa niaba ya wapigakura wao. Halafu kuna maombi ya taarifa chini ya sheria. Kwa macho huwezi kuzitenga. Zote zimepigwa chapa saiba, yaani duka la kompyuta, zote zina "KUH:" iliyopigiwa mstari, zote zinaanza na salamu. Tofauti ni kwamba za kwanza ukichelewa kuzijibu umekosa adabu, na za pili ukichelewa umevunja sheria. Mwombaji halazimiki kuitaja sheria ndipo apate haki yake, ndivyo ninavyoisoma mimi, kwa hiyo kila asubuhi naamua ipi ni ipi. Uamuzi huo huchukua dakika chache, haumpi mtu sifa yoyote, na ndio mzito kuliko yote ya siku.

Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Bunge lilichukua miaka 6 kuitungia sheria yake, Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, na humo ndimo zilimo saa zinazoniendesha mbio. Siku 21 tangu ombi lipokelewe. Saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Nyongeza ni moja tu, isiyozidi siku 14, ikiwa karatasi ni nyingi au lazima kwanza kushauriana na wengine. Ikiwa taarifa iko ofisi nyingine, nina siku 5 za kulihamisha ombi. Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataa, na mwombaji anaweza kupeleka shauri lake kwa Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30. Kuomba ni bure. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala. Sheria inasema pia kwamba sababu ya mtu kuomba haipunguzi haki yake, wala ile ambayo ofisi inadhani kuwa ndiyo sababu.

Kifungu hicho ndicho kinachowaudhi wakubwa. Ombi likipanda juu, swali la kwanza kushuka ni: huyu ni nani? Ni mtu wa nani? Anataka ya nini? Na Lamu si Nairobi. Jina likisomwa tu, watu wanajua mtaa wake, mamake, alimpigia nani kura, na mjomba wake aligombana na nani mwaka gani. Ndiyo maana inapowezekana napandisha ombi kwa namba yake ya rejesta bila jina. Wapo wanaoona ni kiburi. Lakini nimeona ombi likijibiwa upesi kwa sababu tu hakuna aliyejua ni la nani.

Tatizo la kazi hii, hata hivyo, si usiri. Watu huuliza swali moja na sheria ikawajibu jingine. Anayekuandikia barua kutoka vijiji vyetu kama Siyu au Hindi anataka kujua kwa nini: kwa nini barabara imeishia pale, kwa nini jina langu halimo, kwa nini zahanati imefungwa. Sheria ya 2016 haishughuliki na kwa nini. Inashughulika na kumbukumbu zilizopo: hati, mihutasari ya vikao, orodha, ramani, rekodi za sauti, chochote kilichohifadhiwa kwa namna yoyote. Ukiuliza sababu, afisa mvivu anaweza kukuandikia kwamba ofisi haina hati yenye maelezo hayo, na kisheria atakuwa hajasema uongo.

Kinachosahaulika ni kwamba hiyo "kwa nini" nayo ina ibara yake. Ni ya 47: mtu ambaye haki yake imeathiriwa au huenda ikaathiriwa na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 ikaongeza kwamba ofisi isiyotoa sababu inapoombwa, hatua yake itachukuliwa kuwa haikuwa na sababu njema mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watu huandika barua moja wakitaka vyote viwili, karatasi na sababu, na mara nyingi wanajibiwa nusu. Kama nina la kuwaambia wanaoandika, ni hilo: taja karatasi unayoitaka, kisha katika aya ya pili, peke yake, omba sababu. Afisa hatakuwa na pa kujificha.

Nitatoa mfano wa basari, msaada wa karo, kwa maana hakuna orodha inayoombwa kwa hasira kama hiyo.

Mama mmoja alileta barua mwenyewe, imekunjwa mara nne. Mwanawe wa kidato cha tatu amenyimwa, na mtoto wa jirani, ambaye babake ana boti mbili, amepata. Aliandika: naomba orodha nzima ya waliopewa, na mniambie mwanangu ana kosa gani. Ombi la haki kabisa. Shida ni kwamba orodha ile haikuwa majina na kiasi peke yake. Ilikuwa na safu ya "hali ya familia," na humo kamati iliandika bila kumung'unya maneno: yatima, mama ameachwa, baba ana maradhi ya akili, hana mtu. Mitaa yetu ni ile ambayo ukitupa jiwe limeangukia kwa binamu. Orodha hiyo ikitoka ilivyo, kabla ya magharibi kuna watoto watakaochekwa madrasa. Pesa ni za umma na hali za nyumba za watu si za umma, na vyote viwili vimo kwenye ukurasa mmoja. Faragha ni miongoni mwa mambo ambayo sheria inaruhusu kuyazuia, lakini neno lililotumika ni uingiliaji usio na sababu ya haki, na papo hapo kuna kifungu kinachosema manufaa ya umma yakiwa makubwa kuliko madhara, taarifa itoke.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na inafanywa kwa mikono. Ukipaka kalamu nyeusi juu ya jina, ukaiinua karatasi dirishani, jua la saa nne litakusomea jina lote. Kwa hiyo unapaka, unatoa nakala, unaipaka tena nakala, unaitoa nakala ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayotoka nje. Kwenye kompyuta ni hatari zaidi: ukichora kisanduku cheusi juu ya maneno ndani ya PDF, maneno yako chini yake, na kijana yeyote wa saiba atayanakili na kuyabandika kwingine. Mimi huchapisha, nikapaka, nikaskani upya. Ni ujima, lakini hakuna cha kufukuliwa chini yake.

Mama yule alipata vigezo vya kamati, idadi ya walioomba na waliopewa, kiasi kilichokwenda kila wadi, muhtasari wa kikao ukiwa umefunikwa majina ya watoto, na fomu ya mwanawe bila kufunikwa chochote, maana hiyo ni yake. Kwenye muhtasari, mbele ya namba ya fomu ile, palikuwa na maneno matano: fomu haina mhuri wa chifu.

Alisoma akasimama.

"Mwanangu, mhuri tu?"

"Mhuri tu, mama."

"Na chifu alikuwa Mombasa wiki nzima. Mui mzima wayua."

Barua iliyofuata hakuniandikia mimi. Aliiandikia kamati, ukurasa mmoja, akitaka fomu isikataliwe kwa sababu ya mhuri kabla mzazi hajaitwa. Haikuwa na salamu hata moja. Naikumbuka kama barua bora niliyoisoma mwaka ule.

Kilichomwokoa si mimi wala sheria. Ni karani aliyeandika kile kikao, ambaye angeweza kuandika "haikufaulu" akaenda zake. Aliandika sababu. Mihutasari mingi ninayoipitia haina sababu. Ina "ilijadiliwa na kuafikiwa," na ukishaona hivyo unajua mwombaji atapata karatasi na hatapata kitu.

Kuhusu salamu, nisieleweke vibaya. Barua ni nusu ya kuonana, na watu wetu huandika wakijua hivyo. Nusu ukurasa unaulizia hali, unawaombea dua wakubwa na wadogo, unasifu mvua ikiwa imenyesha, ndipo swali linatokea mwishoni, aghalabu baada ya "ni hayo tu." Nimejifunza kuzisoma kutoka chini. Wageni wanaoletwa kutoka bara hukasirika na kuandika pembeni "haieleweki." Inaeleweka, bwana. Geuza ukurasa.

Wapo pia wasioandika kabisa. Sheria imewafikiria: mtu asiyejua kuandika, au aliyezuiwa na ulemavu, afisa anapaswa kumsaidia, aliandike ombi lake kwenye fomu na kumpa nakala. Ombi laweza kuwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hiari ya mwombaji. Mzee mmoja mvuvi alivuka kutoka Kizingitini wakati wa kusi, nguo zimelowa mpaka magoti, akakaa mbele yangu akasema andika.

"Andika: nataka kuyua mashine zile za boti zilikwenda kwa nani."

Nikaandika. Nikamuuliza, ami, ni mashine za mwaka gani, zilitolewa na idara gani, kwa vikundi au kwa mtu mmoja mmoja? Hayo si maswali ya kumsumbua. Ombi lililo pana mno huzaa jibu pana mno, na siku 21 zikaisha watu wakitafutana. Tukapata mwaka, tukapata kikundi chake, nikamsomea yote. Aliweka dole gumba. Nikapiga mhuri, nikampa nakala.

"Na sahihi?"

"Mhuri unatosha, ami."

"Tia na sahihi. Mhuri hauna mwenyewe."

Nilitia. Tangu hapo natia kila mara, kwa sababu alisema kweli: fomu nyingi zina mhuri wa ofisi na hakuna mtu wa kuulizwa nyuma yake. Kisheria mkuu wa taasisi ndiye afisa wa taarifa, naye anaweza kukasimu. Akikasimu kwa barua, mambo yanakwenda. Akikasimu kwa mdomo, kila jibu linapanda ngazi kwa kaimu, mwanasheria na mkurugenzi, na linarudi na wino mwekundu siku ya 19.

Na wino huo huongeza nini? Sentensi ninayoichukia kuliko zote: "Ofisi inapenda kukujulisha kwamba suala lako linashughulikiwa." Na nani? Tangu lini? Mpaka lini? Kwenye barua za kawaida sentensi hiyo huhesabiwa kuwa jibu, na rejesta ikatiwa alama kwamba imejibiwa. Kwenye maombi ya taarifa haihesabiwi chochote. Siku ya 21 ikifika ni sawa na kukataa. Kila ninapoikuta kwenye rasimu naiondoa, na mara nyingine hurudi, na mara nyingine tena naiondoa. Jingine ninalolishikilia ni lugha. Mtu ameandika kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Ibara ya 7, halafu anajibiwa kwa Kiingereza cha mahakamani akalipe kijana wa saiba amsomee. Hilo nalikataa hata likitoka juu.

Hofu ya wakubwa naielewa, ingawa siihurumii sana. Waliozoea kazi kabla ya 2010 walikulia chini ya Sheria ya Siri za Serikali, iliyopo tangu 1968, na walifundishwa kwamba karatasi ikitoka, wewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Hakuna aliyewahi kuulizwa kwa karatasi iliyobaki kabatini. Sheria ya 2016 imegeuza hesabu hiyo, kwa sababu sasa afisa asiyejibu kwa wakati naye ana kosa, na anayeharibu kumbukumbu ana kosa kubwa zaidi. Ila hofu haibadiliki kwa tangazo la gazeti rasmi.

Nikizungumza kuhusu kabati, ni vizuri niseme ukweli wake. Mara nyingi ofisi isipotoa taarifa, haikuificha. Haijui iliko. Hewa yetu ina chumvi, dari zinavuja masika, mchwa hawachagui faili, na kila ofisi ina mzee mmoja wa masjala ambaye kichwa chake ndicho orodha ya mafaili. Akistaafu, faili nazo zimestaafu. Sheria ilizitaka ofisi ziziingize kumbukumbu zake kwenye kompyuta ndani ya miaka 3. Mimi hufikiria jambo moja: barua kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa mpaka leo. Zilivuka bahari, zimepita miaka 300, na mtafiti akizitaka anaonyeshwa. Mimi nikiitisha faili la 2014 naambiwa ofisi ilihama.

Watu wa nje wakati mwingine hushangaa kwa nini Lamu inauliza sana, kisiwa kidogo kama hiki. Waangalie miaka ilivyokwenda. Machi 2012 marais walikuja kuzindua mradi wa bandari na ushoroba wa LAPSSET, wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, na wavuvi wengi walijua ukubwa wake kwa kuona mashine za kuchimba zimeingia majini. Waliofungua kesi walingoja mpaka tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba haki kadhaa zilikiukwa, haki ya kupata taarifa ikiwa mojawapo, na kuamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ukiishi mahali ambapo serikali hushindwa kesi kwa sababu haikusema mapema, unajifunza kuuliza mapema. Nawapa haki. Sehemu ya sheria ambayo ofisi nyingi huiruka ndiyo inayotaka taarifa zitangazwe kabla hazijaombwa: mipango, bajeti, kandarasi, maamuzi yanayowagusa watu. Kila ukurasa unaobandikwa ubaoni ni barua kadhaa ambazo sitalazimika kuzijibu.

Siku hizi kinachonisumbua si karatasi tena. Maamuzi yamehamia WhatsApp. Kundi la idara lina watu ishirini na kitu, mkurugenzi anaandika "tuendelee na ile ya pili," watu wanajibu sawa, sawa mkuu, na kazi inaanza. Miezi ikipita raia anaomba kumbukumbu za uamuzi huo, nami nafungua faili nakuta mwaliko wa kikao na risiti ya chai. Kisheria ujumbe ule ni kumbukumbu, kwa kuwa sheria haichagui umbo la taarifa. Lakini uko kwenye simu ya mtu, pamoja na picha za harusi ya dadake, na simu hiyo akiibadilisha haikabidhiwi masjala. Nimewasikia wanaosema ndiyo raha yake.

Kwa sasa nina utaratibu wangu, usio kwenye mwongozo wowote. Nikiona uamuzi umepita kwenye kundi, namwandikia faragha aliyeutoa: naomba mistari miwili ya dokezo kwa ajili ya faili, nini kimeamuliwa na kwa nini. Wako wanaoandika siku hiyohiyo, na wako wanaosema niandike mimi halafu watie sahihi, nami huandika. Wengine hunijibu kwa kidole gumba, nacho nakipiga picha, nakichapisha, nakitia kwenye faili na tarehe yake.